Deni Nililolilipa kwa Sahani

Shituru, Likasi

Kwa Mama yangu mpenzi, kule Kilwa,

Mama, pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi la Shituru. Goti lako la kushoto linaendeleaje tangu mvua zianze? Bado unakwenda ziwani mwenyewe kuchagua samaki, au siku hizi unamwachia Kalenga, ambaye hawezi kutofautisha samaki wa leo na wa juzi? Kalenga mdogo wangu, usinune. Wewe ndiye unayemsomea Mama, basi soma kama ilivyoandikwa. Sisi huku ni wazima. Baba Grasi anakohoa kidogo ila anakula vizuri, na mume anayekula vizuri mimi simwiti mgonjwa. Grasi amerefuka, sasa ananitazama usoni bila kuinua kichwa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya kwenu hukatika kila mtu anapofika kwenye neno lenyewe, na habari hii sitaki ikatike. Tena nataka isomwe uani, watu wakiwapo. Siku Mama Kisimba, yule muuza vitenge, alipowaletea habari kwamba binti yako ameshitakiwa Likasi kwa ajili ya deni, hakuinong'ona. Aliitangaza sokoni. Najua kwamba baada ya hapo akina mama wa kanisa waliacha kukuita kusimamia jiko la sherehe zao. Hukuniambia wewe, aliniambia Mjomba Ilunga, na niliumia kuliko siku ya hukumu yenyewe. Basi Mama Kisimba naye aitwe. Mpeni kiti kizuri na chai yenye sukari, kisha Kalenga aendelee.

Wewe unajua mambo yalivyoanza, lakini walioko uani hawajui vizuri, kwa hiyo nitaeleza. Mnakumbuka nina malewa hapa kando ya barabara, kibanda cha kuuza chakula: meza, mabenchi, bukari wa mahindi kama ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Miaka ile wateja wangu walikuwa wachimbaji wa shaba, wale wanaochimba kwa mikono kwenye vilima vya upande wa Kambove. Walikula kwa mkopo na kulipa wakishauza mawe yao. Mimi nami nilichukua unga na katoni za samaki kwa mkopo kwa Papa Kyungu, aliyekuwa na depo, ghala la vyakula, karibu na hapa. Mambo yalikwenda vizuri, hata nikaanza kujinunulia viatu. Kisha ikasikika kwamba Kolwezi kumeonekana mawe mazuri zaidi, na wateja wangu wakaondoka wote, matumbo yamejaa chakula changu. Hakuna aliyeniaga.

Papa Kyungu alinisubiri, akachoka, akanipeleka mahakamani. Sikumchukia, maana unga ulikuwa wake. Hakimu aliamua nimlipe deni lote, na gharama za mahakama ziwe juu yangu. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyemwagiwa maji. Pesa sikuwa nazo, lakini jiko lilikuwa bado langu. Nikamfuata Papa Kyungu kwenye depo yake nikamwambia: "Papa, franka sina. Lakini weye kila saa sita unatafuta chakula. Uyage kwangu, ukule, tukatage kwa ile deni mupaka iishe."

Papa Kyungu alifunga daftari lake la madeni. "Weye mama, uko na mayele, uko na akili," akasema. Na kesho yake saa sita akaja, akakaa kwenye benchi la mwisho.

Mama, alikula. Alikula kiangazi, akala masika, akala siku za joto alipokuwa hana hamu na bado anamaliza sahani, maana alikuwa akila mali yake. Mara nyingine alikuja na fundi wake wa depo, nikakata sahani mbili kwenye deni. Deni lilipoisha tulimwita mzee wa kanisa letu, tukanawa mikono kwenye beseni moja, tukala bukari kwenye sahani moja, Papa Kyungu na mimi na Baba Grasi. Mzee akaomba. Tukaachana kwa amani, na baadaye Papa Kyungu akafunga depo kwa sababu ya uzee, akaenda kuishi Kambove kwa mwanawe.

Na hapo ndipo tulipokosea wote, hata mzee wa kanisa. Kwetu watu waliopelekana mahakamani wakishanawa pamoja na kula pamoja, jambo limekufa. Kurudi tena kwa hakimu baada ya hapo ni kama kutafuta ugomvi mwingine. Basi hakuna aliyekwenda kuwaambia watu wa mahakama kwamba tumekwisha kula. Kwenye vitabu vyao mimi niliendelea kuwa mwanamke asiyelipa.

Sikulijua hilo. Nilikuwa nashughulika kulirudisha jina langu mitaani, nayo si kazi ya mwezi mmoja. Wenye maduka walikuwa hawanipi hata chumvi kabla ya kuona noti. Akina mama wa likelemba, kile chama chetu ambacho kila mmoja anatoa na mmoja anapokea kwa zamu, waliniweka wa mwisho kila mzunguko, wakihofu nitapokea na kupotea. Nilikubali kuwa wa mwisho. Nilitoa sehemu yangu hata wiki Grasi alipolazwa na malaria. Nikafungua pia kadi kwenye chama cha akiba na mikopo, nikapeleka kidogo kila jioni. Nikaomba mkopo mdogo wa mkaa, nikalipa, nikaomba wa sufuria kubwa, nikalipa. Nilianza kusalimiwa tena kwa jina.

Sasa mwaka huu kampuni moja ya malori imenifuata. Wanataka niwapikie madereva wao kila mchana, nao watalipa mwisho wa mwezi. Unaelewa, Mama: mwezi mzima napika kwa pesa yangu kabla ya kuona yao. Nilihitaji mkopo mkubwa, na friji ya kulaza samaki. Walinipa hadi mwisho wa mwezi kujibu, la sivyo wangemchukua mama mwingine wa upande wa stesheni, ambaye sombe yake, nasema ukweli mbele ya watu, ina maji.

Nilivaa kitenge chako cha bluu nikaenda kwenye chama. Bwana wa mikopo alinipongeza, kisha akaangalia mashine yake, uso ukabadilika.

"Mama Grasi, kwetu hauna na mambo," akasema. "Unalipaka muzuri. Lakini kule tribunal jina yako ingali pale. Banasema ulishindwaka na haukulipaka."

"Nililipaka yote," nikasema. "Muntu mwenyewe alikula mupaka alishiba."

"Minye naamini. Lakini mukubwa wetu hawezi kutia sahihi juu ya kushiba. Ulete karatasi ya tribunal, ile inasema deni iliisha."

Nililia barabarani, sitaficha. Nilihisi kwamba miaka yangu yote ya kuwa wa mwisho imerudi sifuri. Kesho yake mbele ya mahakama bwana mmoja mwenye mkoba, ambaye si mtu wa mahakama bali wa kujikalia pale nje, alinivuta kando. "Mama, juu ya nini unateseka? Minye nakutengenezea ile karatasi leo leo, na cachet yake, muhuri kabisa." Baba Grasi alipolisikia hilo aliona ni njia fupi. Nilimwambia: "Minye nililipa kweli. Hapana, sitanunua uongo juu ya kuonyesha kweli." Akanipangusia viatu vya kurudi mahakamani, nikajua amekubali.

Karani wa mahakama, mama mmoja mpole mwenye miwani, alinieleza vizuri. Aliyenishitaki aje mwenyewe, aseme mbele yake kwamba amelipwa. Basi nikapanda teksi-basi ya Kambove.

Nilimkuta Papa Kyungu amekaa barazani na blanketi miguuni, amekonda, lakini macho ni yaleyale. Aliyenipokea ni mwanawe mkubwa, Mwamba, na aliposikia nilichokuja kutafuta akasimama katikati ya mlango.

"Mama, chakula haiko franka," akasema. "Papa alikuwa mukubwa, ulikuwa unamupa bukari juu ya heshima. Sasa unasema ile njo kulipa? Feza yenyewe iko wapi? Papa hatasema kitu kule tribunal kama haujaleta feza."

Kama mzee angesema kama mwanawe, sikuwa na shahidi mwingine. Yule mzee wa kanisa aliyetuombea tulikwisha kumzika. Nilisema tu, "Papa, weye unajua," na nikabaki nimesimama na mkoba wangu.

Papa Kyungu aliliondoa blanketi miguuni. Kisha akasema polepole, "Mwamba, unikamatie viatu."

"Papa, tuongee kwanza."

"Weye hukulaka pale. Minye njo nilikula. Lete viatu."

Nililala kwao, na siku iliyofuata tuliingia Likasi kwa teksi-basi sote watatu, Mwamba amenuna dirishani, mzee kati yetu. Mbele ya karani Papa Kyungu alikataa kiti. Alishika meza kwa mikono miwili.

"Mama, uandike kama Kyungu alilipwa yote," akasema.

"Alikulipa na nini, Papa?"

"Na bukari. Na sombe. Na tomson."

Tomson, Mama, ni wale samaki wa katoni, wa barafu, usiwalinganishe na wako. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, hata karani alishusha miwani. Mzee hakucheka. Akangoja wanyamaze.

"Ngojeni niseme," akasema. "Uyu mama, minye njo nilimuletaka hapa. Nilimupatisha haya mbele ya bantu. Angenipa mukia ya samaki kila siku, na minye singesema kitu, juu mukia pia ni samaki. Hakunipaka mukia hata siku moya. Alikuwa ananipa katikati tu. Mukia alikuwa anakula ye mwenyewe, kule nyuma ya jiko, nilikuwa namuona. Mwamba, unasikia? Muntu anakulisha vile, na weye njo ulimushitaki, haiko heshima ya bure. Ile ni kulipa."

Mwamba alimsogezea baba yake kile kiti. Karani aliandika, mzee akatia sahihi yake, kisha akaomba kalamu nyingine na kuirudia kwa sababu wino wa kwanza haukuonekana vizuri.

Mimi, Mama, sikuwa pale tena. Nilikuwa Kilwa, nikiwa mdogo, nimechuchumaa karibu nawe unakata samaki. Kipande cha katikati ulimwekea mgeni, awe nani. Ulimwekea hata yule jirani ambaye ulikuwa humsalimii kwa sababu ya mpaka wa shamba, siku alipoingia wakati wa kula. Nilikuuliza mbona humpi mkia, ukaniambia nioshe sahani. Hukunieleza kamwe, nami sikujua kwamba nimejifunza. Nilikuwa namkatia Papa Kyungu katikati bila kufikiri, kwa sababu mkono wangu haujui kukata vingine.

Zilibaki gharama za mahakama zenyewe, ambazo hazikuwa za Papa Kyungu na haziliwi. Likelemba ilikuwa imefika zamu yangu, mwisho kama kawaida, na pesa ile nilikuwa nimeitenga kwa friji. Niliipeleka yote kwa karani, nikapewa risiti na ile karatasi. Friji nilisema itajua yenyewe. Lakini nilipopeleka karatasi kwenye chama, bwana wa mikopo aliisoma akasimama kunipa mkono, na mkopo ukatoka wa kutosha vyote viwili. Madereva wanakula kwangu sasa. Na mzunguko mpya wa likelemba ulipoanza, akina mama wakaniita wa kwanza. Mimi, Numbi, wa kwanza. Najivuna, Mama, na Kalenga asiruke neno hilo: najivuna.

Siku ya kwanza ya kuwapikia madereva, Papa Kyungu alikuja kutoka Kambove, Mwamba akimshika mkono. Walikaa benchi lile la mwisho. Alipomaliza akatoa noti mfukoni. "Leo nakula na feza yangu," akasema. Wengine wangekataa kwa adabu. Mimi nilipokea, nikahesabu, nikamrudishia chenji. Alifurahi sana.

Nisalimie Mjomba Ilunga, aliyenilipia nauli ya kwanza kuja huku. Nisalimie shangazi anayeumwa macho, mwambie dawa nitazituma. Nisalimie mwalimu wa kwaya, na akina mama wa kanisa wote, wale walioacha kukuita pia. Mama Kisimba nampa salamu za pekee; safari hii namwomba aitangaze kwa sauti ileile.

Nauli yako nimempa dereva wa lori atakayepita Kilwa, ndiye aliyeleta barua hii, na atakungoja ujitayarishe. Njoo, Mama. Mwaka wote nakula mkia nyuma ya jiko bila kulalamika. Ukifika utakaa benchi la mbele, wapitaji wote wakuone, na mimi nitakukatia katikati.

Ni mimi binti yako, mama yake Grasi,
Numbi