Fundi Aliyenyamazisha Mlango Wetu

Jumamosi. Theluji imegeuka matope tangu asubuhi, na mimi nina hasira. Naandika ili nisivunje kitu.

Mama yangu anasahau. Anasahau kama amekula, anasahau kwamba tuko Toronto. Ndiyo maana mlango wetu wa mbele, hapa mtaani Mount Dennis, una king'ora. Ukifunguliwa, kinalia nyumba nzima, nami nakimbia kumrudisha kabla hajafika barabarani.

Juzi hakikulia.

Nilikuwa chini nafua nguo. Nilipopanda, mlango uko wazi na baridi imejaa sebuleni. Nilimkuta kituo cha basi, kajitanda khanga, miguuni kandambili, na mwanamke nisiyemjua amemfunika kwa koti lake mwenyewe.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nyumbani," akasema. "Wananisubiri."

Vidole vyake vya miguu vimeungua kwa baridi. Daktari anasema vitapona.

Kaka yangu Hamisi alipiga simu kutoka kwake Etobicoke. Hakuuliza habari za vidole. "Zuhura, tusidanganyane. Mama amekushinda. Tumtafutie nyumba ya wazee." Kisha akaongeza kwamba labda nilisahau kuwasha king'ora.

Mimi! Kilikuwa kimewashwa. Taa yake niliiona kwa macho yangu.

Basi leo nimetoa multimita yangu ya kupimia umeme, ile niliyonunua betri ya gari iliponisumbua. Nikazima king'ora, nikafungua kisanduku chake ukutani, nikachomoa nyaya mbili zinazotoka mlangoni na kuzigusisha ncha za mita. Mlango ukiwa umefungwa, swichi ya sumaku kwenye fremu huziunganisha nyaya hizo, nayo mita hulia. Ukifunguliwa, mita inatakiwa inyamaze.

Nikafunga mlango. Ikalia. Nikafungua. Ikaendelea kulia.

Nikarudia kama mwendawazimu. Mlango uko wazi, upepo unanipiga usoni, na mita inashikilia kwamba umefungwa!

Nikafungua kifuniko cha swichi pale kwenye fremu. Ndani, nyaya mbili zimesokotwa pamoja na kuviringishiwa utepe mweusi. Swichi yenyewe inaning'inia tu, haijaunganishwa na chochote.

Si Mama aliyechezea. Si mimi niliyesahau. Ni fundi niliyemwita mwezi uliopita, king'ora kilipokuwa kinalia bila sababu. Hakutafuta ubovu. Aliudanganya mtambo uamini mlango haufunguki kamwe, akaondoka akitabasamu. Na kwa kuwa mimi hukizima kila ninapotoka, sikuwahi kugundua.

Nikampigia.

"Ulilalamika kinalia ovyo," akanijibu kwa Kiingereza chake cha haraka. "Si kimeacha?"

"Mama yangu alitoka nje kwenye theluji!"

"Basi nitapita Jumatatu niangalie."

Nimemwambia asikanyage kwangu tena.

Na ubovu wenyewe? Sumaku ya mlangoni ilikuwa imelegea na kushuka, ikawa mbali na swichi. Nimeipandisha, nimekaza skrubu, nimerudisha nyaya mahali pake. Kazi ndogo kiasi hicho!

Hamisi nilimtumia picha. Akaja mwenyewe, akasimama pale mlangoni akiitazama fremu muda mrefu.

"Nisamehe, dada."

Alikuwa tayari kumtoa Mama humu ndani kwa sababu ya utepe wa mtu mvivu. Bado sijamaliza kumkasirikia, na sitajilazimisha leo.

Nikawasha king'ora, nikamwambia afungue mlango. King'ora kikalia mpaka akaziba masikio. Mama akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake: "Nani huyo anatoka bila kuaga?"

Nilicheka. Halafu nikalia.

Sasa kuna jambo moja linalonila roho. Fundi yule haingii nyumba moja tu. Wangapi mjini humu wanaiona ile taa ikiwaka na kuamini wako salama?

Jumatatu nakwenda ofisi ya kampuni iliyomtuma, na ule utepe mkononi. Sitainuka pale mpaka wapigie simu kila nyumba aliyoigusa.