"Sharp" ya Sipho

Jumanne usiku, Point

Na mimi ndiye ninayejisifu kwamba najua lugha sita! Eish.

Mtaro wetu wa kebo, ile itakayoleta umeme wa mapangaboi ya upepo ya baharini mpaka kituoni, umekutana na kebo ya zamani. Kesho alfajiri Papa Kasongo, mchimbaji wetu Mkongo, anashuka humo na sururu. Jioni nilimuuliza Sipho, fundi umeme wetu, "Bra, ndugu yangu, ile ya zamani umeizima?"

"Sharp!" akasema, huyo akaondoka zake.

Nikamgeukia Papa, nikamwambia kwa Kiswahili cha kwao. "Umeme haiko, Papa. Chimba tu."

Akacheka. "Chef, bosi wangu, neno lako ni Biblia."

Sasa usingizi hauji. Sharp ni ndiyo. Lakini sharp ni kwaheri pia. Hata mimi huitumia hivyo nikitaka kumkimbia mtu.

Papa hana simu, aliibiwa sokoni Warwick. Na huwa haningoji. Nikifika nakuta ameshachimba hadi kiunoni. Kesho nitamtangulia, hata kwa miguu, nikae juu ya hiyo kebo kama kuku anayeatamia.

Nimempigia Sipho mara nyingi. Imezimwa.

Simu, yaani.