Mia na Themanini za Papa Norbert

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu? Uongo, Arlène. Mimi la mkuu nimelisikia vizuri, na kilichovunjika ni moyo.

Leo kanisani hapa kambini Dzaleka, Papa Norbert, baba yake Delphin wangu, alikuwa anawafundisha watoto hesabu. Mtihani wao ni kesho. Akachora mstari ulionyooka, akasimamisha mwingine juu yake, umeinama. Pembe ya upande mmoja akaandika sitini. Ya pili, thelathini.

Thelathini! Yeye aliyetufundisha mimi na wewe!

Nikasema taratibu, "Papa, pembe mbili zikijaza kona ya mraba ndizo zinazofika tisini. Kwenye mstari ulionyooka ni mia na themanini. Hapo ni mia na ishirini."

Mtoto mmoja akacheka. Papa akautazama ubao mpaka nikatamani anitukane. Akaweka chaki mezani, akatoka. Mimi nikafuta, nikaandika mia na ishirini. Watoto wakaelewa.

Nikampigia Delphin, yuko kazini Kanengo. Ameshaambiwa.

"We ni bibi harusi wa namna gani, unakosoa papa mbele ya batoto?"

"Batoto njo banafanya mtihani kesho, Delphin."

"Enda uombe pardon, ao harusi hakuna."

Harusi hakuna! Kwa sauti ileile aliyoniposea.

Gauni limetundikwa mlangoni, nalitazama, machozi hayakauki. Nampenda Delphin. Papa Norbert nampenda kuliko anavyojua.

Msamaha siombi.