Bango la Khalfan na Kahawa ya Bi Shamsa

Ibra, Omani, Ijumaa baada ya sala

Mdogo wangu Mwanaisha,

Dada yako nakusalimu, na shikamoo za wanangu Asila na Khalfan zipokee huko huko Unguja. Goti lako vipi? Bado unapanda zile ngazi, au umeshahamia chumba cha chini kama nilivyokwambia? Sisi huku alhamdulillahi. Joto limeanza, tende bado mbichi, mimi mzima, na kila anayeniona husema sizeeki.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli watu wamesusia mkahawa wa Khalfan. Kweli. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu mwenyewe alikuwa kakaa hapo hapo. Sasa nakuandikia yote.

Unamjua mwanangu alivyo. Hakuna kijana hapa aliyemtangulia kufungua mkahawa wa kuku wa kukaanga wenye jina la Kizungu, bango linawaka mpaka barabara kuu. Jina kalikodi kwa wakala wa Maskati, na mkataba kausoma Asila, dada yake, mwanasheria, aliyetoka wa kwanza darasani kwake. Nimeshakwambia hilo. Nakwambia tena. Kuku wenyewe ni wa hapa hapa, unga wa hapa hapa. Cha kigeni ni jina tu.

Yalipotokea ya Gaza, watu wakaacha kununua kila chenye majina ya Kizungu, wakisema faida yake inawasaidia wanaoipiga. Na mimi niliacha soda na sabuni niliyoizoea, na waliochelewa nikawasema. Basi zamu ikafika kwa mwanangu. Kwanza wakapotea vijana wa chuo, kisha familia za Alkhamisi jioni. Khalfan akabandika karatasi mlangoni: "Mwenye mkahawa huu ni Muomani." Hakuna aliyeisoma, maana hakuna aliyeufikia mlango.

Halafu ukaja ujumbe wa sauti, kwenye kundi letu la simu la soko la wanawake. Ni lile soko la Jumatano ninalouza bizari, wanaume hawaingii. Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini: Bi Shamsa, rafiki yangu wa miaka, meza yake imegusana na yangu, anauza ubani na wanja. "Msile kwa yule mtoto wa Zuwena," anasema. "Kila mwezi anatuma pesa za kununulia risasi. Kila paja mnalokula ni risasi."

Khalfan akavaa kanzu kutaka kwenda kushitaki. Nikamwita Asila, akaja kutoka Maskati na gari yake mwenyewe.

"Watu kutokula kuku wako si kosa," akamwambia. "Hakuna kadhi wala hakimu wa kumlazimisha mtu kula. Wanaweza kukususia mpaka ufunge, na sheria haina neno nao."

"Na Shamsa?"

"Shamsa mbali. Huyo kakuzulia uongo na kausambaza. Hiyo ni kesi, na tunashinda."

"Basi Jumapili mahakama ikifunguliwa nakwenda."

"Nenda. Utashinda, halafu watasema umemburura bibi mzima mahakamani kwa ajili ya kuku. Nani atakula tena kwako?"

Nikawaambia, niachieni mimi mpaka Jumapili. Maana Khalfan alikuwa anapoteza mkahawa, na mimi nilikuwa nampoteza Shamsa, na kesi isingerudisha hata kimoja.

Nikenda kwake. Sasa Mwanaisha, huku mtu akija na haja akapewa kahawa, huiweka chini asiiguse mpaka mwenye nyumba amwambie, "Kunywa, haja yako imekubaliwa." Akiinywa, basi hana haja. Nimekaa huku tangu Asila hajazaliwa, nalijua hilo. Lakini sisi tumelelewa kwamba kumwachia mtu kikombe chake ni kumtukana, na mkono ukaenda wenyewe. Nikanywa vitatu, nikatikisa kikombe cha kusema yatosha, ndipo nikafungua mdomo.

Shamsa akacheka mpaka akashika ubavu. "Umeshakunywa, Zuwena! Khalas, yamekwisha. Njoo kesho."

Kesho yake nikakiweka chini.

"Haya, sema."

"Nataka utoe sauti kwenye kundi lile lile, useme ya risasi ni uongo."

Na yeye akaweka chake chini, ndani ya nyumba yake mwenyewe! Wallahi sijapata kuona.

"Na mimi nina haja. Mwanao hatumi pesa za risasi, haya, nitasema. Lakini lile jina halilipii?"

"Analilipia."

"Pesa zinakwenda wapi?"

"Kwa wakala."

"Na wakala anazipeleka wapi?"

"Asila anasema huko juu hakujui."

"Hata mwanasheria wako hajui?"

"Hata yeye. Na alitoka wa kwanza..."

"Najua, bibi we, umeshatwambia soko zima. Nataka bango lishuke."

Mkwewe akaja na birika mara mbili, akaona vikombe viko chini, akarudi jikoni. Kahawa ikafanya utando. Ikaadhiniwa Alasiri. Mwisho nikamwambia, "Kunywa, Shamsa." Akasema, "Kunywa na wewe." Tukainywa baridi.

Sauti aliitoa siku ile ile, na aliomba radhi vizuri. Khalfan je? "Mama, umeliuza bango langu kwa kikombe cha kahawa?" Hakusema nami mpaka Ijumaa ya pili, ila bango alilishusha. Kuuvunja mkataba kuna adhabu yake. Asila alibishana na wakala ikapungua, lakini hata hivyo Khalfan kauza ile gari nzuri niliyokutumia picha yake. Sasa anaendesha pikapu.

Uliuliza pia kama kususia huku kunasaidia. Asila anasema mwenye jina huko nje hajui hata Ibra iko wapi, ila wakala anajua, maana wengine waliokodi jina kwake wameshamuuliza njia ya kutoka. Mimi siwezi kusema. Niliyemuona akiumia ni mwanangu. Na ile soda hata hivyo sinunui.

Watu wamerudi, si wote. Wa kwanza kuja ni Shamsa na wakweze, akakaa meza ya dirishani ili njia nzima imuone anakula. Akamwambia Khalfan kuku wake mkavu. Khalfan akamletea mwingine, hakucheka, lakini kamletea.

Nisalimie mumeo, na shangazi wa Vuga, na yule binamu fundi cherehani, mwambie buibui lake nalivaa na watu wananiuliza kashona nani. Wajukuu wako nawabusu.

Bango jipya limetundikwa jeupe, halijaandikwa kitu, Khalfan bado anatafuta jina. Mpaka sasa watu wanasema tu, "Twende kwa mtoto wa Zuwena." Yeye hapendi. Mimi sijamwambia mtu aache.

Dada yako akupendaye,
Zuwena