Sululu Iliyokataliwa na Fuawe

Mama yangu, kamwene.

Neema anasema kumwandikia marehemu habari za mchezo wa kwenye tableti ni kujitafutia maneno ya watu. Mjukuu wako siku hizi anajua kila kitu. Lakini sululu yako imekwisha, na mwenye mali huarifiwa.

Ulipohamia kwangu Ilomba, hapa Mbeya, kwa ajili ya matibabu ya figo, ulishinda ukitazama ukuta. Shamba lilikuwa Kilolo, kule Iringa, jembe lilikuwa Kilolo, na hapa kwangu hata tuta la mchicha hakuna. Ndipo Neema akakuwekea mchezo wake, ule wa dunia ya matofali ambamo mtu anakata miti, anachimba mawe, anapanda ngano na kujenga nyumba. Ukauliza, "Na mvua inanyesha?" Ikanyesha. Ukaomba miwani.

Kilichokushinda mwanzoni ni ile meza ya kutia nguvu kwenye vifaa. Unaweka sululu pale, unalipa kwa uzoefu ulioupata kazini, nayo inatoka inang'aa rangi ya zambarau. Ulimrudishia Neema tableti yake. "Mimi mjane wa mzee wa kanisa, leo unipeleke kwa mganga?" Ikabidi tukubaliane kuziita nguvu hizo baraka. Sululu yako ya almasi ikapata baraka ya kasi, ya bahati ya madini na ya kudumu. Hiyo ya kudumu mimi niliielewa vibaya, nikadhani inaongeza uhai wa kifaa. Neema akatueleza kwamba kila pigo kwenye jiwe linakula kidogo ule mstari wa kijani chini ya sululu, na baraka inafanya mapigo mengine yasihesabiwe, basi. Ukasema hata kwa binadamu ni hivyo hivyo.

Ukaanza kuitunza kama jembe la nyumbani. Kilolo hukuwahi kulaza jembe chafu. Ulitoka shambani na njaa yako, ukaliosha kwanza, ukakaza kabari ya mpini, ndipo ukaingia jikoni. Kwenye mchezo nako, kila ukitoka mgodini, kabla mstari haujageuka hata njano, unaipeleka sululu kwenye fuawe, lile chuma la mhunzi, unaongeza almasi moja, inarudi kuwa mpya. Neema akikuuliza haraka ya nini, unamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuunga mkono. Tumelelewa hivyo wote, nani angebisha?

Kumbe fuawe la mle ndani halijui adabu hizo. Halitazami kama umeleta ufa au ukuta mzima, linahesabu umekuja mara ngapi, na kila ukirudi bei ya uzoefu inapanda karibu maradufu. Anayesubiri sululu iwe hoi ndipo aitengeneze anapata nafuu kuliko anayeitunza kila jioni. Siku moja ukaweka almasi yako kama kawaida, na maandishi mekundu yakatokea kwamba ni ghali mno. Si kwamba ulipungukiwa. Fuawe halipokei tena, uwe nacho usiwe nacho. Ukaniuliza, "Aliyetengeneza huu mchezo, kwao hawalimi?" Nilicheka sana, na hata leo nikikumbuka nacheka kidogo, halafu naacha.

Uliendelea kuchimba nayo bila kuitengeneza mpaka mstari ukawa mwekundu, mwembamba kama uzi. Ukaiweka kwenye sanduku la nyumba yako mle ndani. Ilikuwa karibu na siku zile ulipomwambia daktari kwamba mashine ya kusafisha damu imetosha, na mimi ukaniambia nikurudishe Iringa ukaone mahindi yako. Tulibishana. Ukashinda wewe.

Tulipomaliza matanga na kurudi Mbeya, Neema alikuja na shauri lake.

"Mama, kuna jiwe la kunolea. Tukiipitisha pale sululu ya bibi, kila kitu kinafutika, hata fuawe linasahau. Tutaitengeneza upya, haivunjiki ng'o."

"Na baraka zake?"

"Zinaondoka zote. Inabaki sululu ya kawaida."

"Sasa hapo itakuwa ya bibi kwa lipi?"

Akanikasirikia. "Bora ibaki ya kawaida kuliko isiwepo. Wewe unataka ivunjike?" Akaingia chumbani kwake kulia, na mimi sikumfuata. Kusema kweli, niliona ana haki.

Jumamosi nilitoka dukani, mtaa wa Soweto, mapema, nikaitoa sululu sandukani. Neema akakaa pembeni yangu amenuna. Tukaingia kwenye lile handaki uliloliacha katikati, tukachimba. Mwishoni mstari ulikuwa hauonekani kabisa, lakini sululu ikaendelea kupiga, ile baraka ya kudumu inakataa kuhesabu, pigo moja, lingine, na Neema akaacha kununa akanishika bega. Kisha ikavunjika. Mlio mfupi tu, na mkono ukabaki mtupu mbele ya jiwe la kawaida.

"Kwa nini umefanya hivyo?" akaniuliza.

Nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu. "Bibi yako alikata roho mimi nikiwa Makambako, ndani ya basi la kumfuata Iringa, nimepakata mchele wa Kyela alioniagiza. Simu ikaingia, nikapokea, basi likaendelea kwenda. Saa nzima na zaidi nilikuwa bado nampelekea mchele."

Kwa hiyo hiki kilichobaki chako nilitaka kiishie mikononi mwangu, mama. Kimeishia mikononi mwangu.

Pumzika.

Ni mimi, mwanao wa Ilomba