Babu Anasubiri Almasi

Jumatatu, 5 Mei
Nimekata majani ya ng'ombe, nimeoga, nimesoma. Madam wa fizikia katufundisha mada mpya: almasi inayopima. Si ya pete. Ni chembe ndogo mno. Ndani yake atomu moja imekosekana, na jirani ya hilo pengo ni naitrojeni. Ukiimulika kwa mwanga wa kijani inang'aa nyekundu, na mng'ao unabadilika kukiwa na joto au sumaku, hata kidogo. Wanaiingiza ndani ya seli hai, inawaambia joto lake. Nilielewa yote kwa Kiingereza. Sikunyoosha mkono. Kama kawaida.
Jioni nikamsimulia Babu kwa Kiswahili, kwamba inapima seli za mwili bila kukata. Kwake tu siogopi.

Jumatano, 7 Mei
Babu ana uvimbe shingoni. Daktari anataka kukata kipande kidogo cha nyama, kipimwe kama ni kansa. Leo Babu kagoma.
"Sikatwi. Ipo almasi inapima bila kisu. Mjukuu wangu kaisoma."
Mama kanitazama. Nikainamia sahani. Mwoga mimi.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemuuliza Madam. Bado ni majaribio ya maabara, hospitali zetu hazina. Mimi nilimwambia Babu "inapima". Sikusema "wanajaribu".
Shangazi kapanda huku mlimani kutoka Shirimatunda, kamfokea Babu: "Baba, unasubiri almasi kama bibi harusi?" Babu akacheka, akaendelea na mtori wake wa ndizi.
Uvimbe umekua. Au ni macho yangu. Nikitaka kumwambia, sauti haitoki. Akifa, ni mimi niliyemuua.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya ibada nimekata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Nimelipiga fundo, kama wakubwa wanavyofanya wakienda kuomba msamaha. Ukiletewa isale hukatai. Hata kama umeuliwa ndugu.
Nikapiga magoti, nikamnyooshea. Babu akaacha kutafuna.
"Umenikosea nini, mama?"
Nikasema. Vibaya, kwa machozi na kamasi, lakini nikasema. Kwamba almasi haijafika kwetu. Kwamba nilimweleza nusu. Kwamba msamaha ninaoutaka ni aende akakatwe.
Akaliangalia lile jani. Nilidhani ataniacha hapo chini.
"Kumbe unajua kunibana."
Akalipokea.

Jumanne, 13 Mei
Wamekata. Majibu bado.
Mvua nje ya wodi. Babu ana bandeji shingoni, koti lake liko magotini kwangu. Isale limo mfukoni, limenyauka.
Kafumbua macho. "Ile almasi ikifika, uniambie."
"Nitakuambia, Babu."
Mgonjwa wa kitanda cha jirani kageuka. Kumbe nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya watu.