Nafasi Kwenye Lori

Juba, Julai 2016

Dada Erina,

Nakusalimu wewe na mwanangu Shallon. Hapa mtaani Jebel mvua inanyesha, na unga umeadimika sokoni. Risasi za vita zimetulia kidogo.

Juzi nilipata nafasi kwenye lori la kurudi Uganda, nikaketi kati ya wanawake wa kanisani kwetu. Mama Lubega, aliyeniuguza nilipokuwa na malaria, akanishika mkono.

"Josline, shuka, binti yangu. Askari wa njiani wanakujua kutoka kule loji, nyumba ya wageni unakofanya kazi. Wakikuona nasi, watasema sote ni malaya."

"Mama, si wanatuita hivyo sote tangu zamani, kwa kuwa sisi ni Waganda tu?"

"Ndiyo maana naogopa," akasema, akilia.

Wengine walitazama chini. Nikashuka.

Loji tumebaki wawili. Wanaokuja ni askari tu, na siku hizi hawaombi. Barabara imefungwa tena.

Wewe hukuwahi kuniuliza kazi yangu, nami nilishukuru. Sasa wale wanawake wamefika huko, watasema. Usinitetee, dada. Ukinitetea, jina hilo la malaya watampa Shallon. Waambie humjui Josline.

Mdogo wako